Shajara ya mradi: vali ya kuzuia chupa isijazwe tena

Januari, wiki ya mwisho: lengo

Tunataka kutengeneza kidude cha plastiki kinachokaa ndani ya shingo ya chupa ya pombe kali, kinachoachia kinywaji kitoke na kukataa chochote kisirudi ndani. Mteja akiinamisha chupa, inamimina. Mchakachuaji akiweka faneli, yote yanamwagikia mezani.

Tumeamua kushughulikia shingo na kuacha kizibo, kwa sababu kizibo tayari kina mlinzi. Tangu Januari 2019 vileo vinavyouzwa Tanzania vinabandikwa stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na mnunuzi anayejali anaweza kuikagua kabla hajalipa. Ni kazi nzuri, ila ulinzi wake unakoma chupa inapofunguliwa. Ingia baa yoyote uangalie rafu iliyo nyuma ya kaunta. Chupa ya wiski ya bei kubwa imefunguliwa tangu juzi, inauzwa toti kwa toti, na stempu yake ilichanika kihalali kabisa. Kuanzia hapo hakuna anayejua kilichomo zaidi ya aliyefunga baa usiku. Na chupa ikiisha haitupwi. Chupa tupu yenye lebo safi isiyo na mkwaruzo ina soko lake, na bei yake inapanda kadiri jina la kinywaji linavyokuwa kubwa.

Hilo ndilo pengo la mradi huu: chupa iliyokwisha kufunguliwa.

Nina sababu nyingine, nzito zaidi. Mei 2014 nchini Kenya makumi ya watu walikufa Embu, Kitui, Kiambu na kwingineko baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, na wengine walibaki vipofu. Februari 2024 msiba kama huo ulikipata kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Methanoli ulimi hauwezi kuitenga na ethanoli, kileo cha kawaida cha kwenye pombe. Mwilini inageuka kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo inauwahi mshipa wa fahamu wa jicho. Pombe za misiba ile zilikuwa za bei ya chini, na vali peke yake isingezizuia. Lakini kila chupa yenye jina la kuaminika inayoweza kujazwa upya ni njia iliyo wazi kwa sumu ileile kumfikia mtu aliyedhani amelipia usalama. Njia hiyo nataka ifungwe.

Februari, mwanzoni: waliotutangulia

Wazo hili ni la zamani sana. Mwaka 1872 Mwingereza Hiram Codd alipata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya chupa ya soda yenye gololi ya kioo shingoni. Gesi ya kinywaji iliisukuma gololi juu, ikabana pete ya mpira na kuziba mdomo. Codd alikuwa anatafuta njia ya kuhifadhi gesi, lakini ndiye aliyeonyesha kwamba gololi ya kioo inaweza kuwa vali: haiozi, haili kinywaji, na ni rahisi.

Walioteswa hasa na suala la kujaza tena walikuwa Wamarekani. Wiski yao ilikuwa inachakachuliwa hadi Bunge lao likapitisha sheria ya mwaka 1897 ya wiski inayofungwa kwenye chupa chini ya usimamizi wa serikali, yenye stempu juu ya kizibo. Kipindi hichohicho, na miaka mingi iliyofuata, wabunifu wa huko waliandikisha hataza za chupa zisizojazika kwa mamia. Nimepitia michoro ya baadhi yake. Kuna vali za gololi, za bawaba, za springi, hata za uzito wa madini ya risasi, ambao leo hakuna mtu angeuruhusu uguse kinywaji. Zilizofika sokoni na kudumu ni chache mno.

Baadaye walijaribu amri. Kuanzia 1935 hadi 1964 kila chupa ya pombe kali Marekani ilikuwa na maandishi yaliyofinyangwa kwenye kioo chenyewe yanayosema kuwa sheria ya nchi inakataza kuiuza au kuitumia tena. Chupa hizo bado zinaokotwa huko na wapenda vitu vya kale. Maandishi yanamwonya aliye tayari kuonyeka. Kwa asiyetaka kuonyeka, kazi inarudi kwenye vali.

Wala si pombe tu. Hispania tangu 2014 imeagiza mafuta ya zeituni yanayowekwa mezani hotelini yawe kwenye chupa isiyojazika, baada ya mpango wa aina hiyo kwa Umoja wa Ulaya wote kuondolewa Mei 2013 kutokana na kelele za watu. Kwa hiyo kama vali hii itafanya kazi, baadaye naona nafasi ya mafuta ya karafuu ya Pemba. Asali hapana, ni nzito mno kwa njia nyembamba kama hizi.

Februari, katikati: mchoro wa kwanza

Vipande viko vinne. Chini kuna kiti, pete yenye ukingo mwembamba. Juu ya kiti kinakaa kikombe kidogo cha plastiki ambacho ndicho vali yenyewe. Juu ya kikombe iko gololi ya kioo inayokikandamiza. Juu kabisa liko paa lenye madirisha pembeni, kinywaji kitokee humo na waya usipite.

Chupa ikisimama, gololi inabana kikombe na kikombe kinabana kiti. Ukiipindua, gololi inakimbilia paani, kikombe kinafuata, njia inafunguka.

Gololi za watoto za Kariakoo zina kipenyo cha kama milimita 16, kubwa mno kwa shingo hii. Nimepata za milimita 10 kwa muuza vifaa vya maabara. Gololi ya kioo ya ukubwa huo ina gramu 1.3 hivi, na ikiwa ndani ya pombe ya asilimia 40 uzito unaobaki wa kukandamiza ni kama gramu 0.8. Kidogo, lakini kwa kikombe chepesi kinatosha. Gololi ya chuma ya beringi ingenipa gramu 4 kwa ukubwa uleule, na nilivutiwa nayo mpaka kijana mmoja wa spika pale jirani alipoichukua chupa ya majaribio, akaibandika sumaku ya spika nje ya shingo, akaivuta gololi kando kama anachezea. Vali ikawa wazi huku chupa imesimama wima. Chuma kimetoka kwenye orodha. Kioo hakisikii sumaku.

Vipande vya kwanza nimevichapa kwa printa ya 3D. Kwa kupima umbo vinafaa, kwa kuziba havifai: printa inajenga plastiki tabaka kwa tabaka, na maji yanapenya kwenye mistari ya matabaka. Kiti na kikombe vitakerezwa.

Machi, wiki ya kwanza: Gerezani

Fundi wa kukereza ni mzee aliyeishi na mashine yake mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kabla mimi sijazaliwa. Nimempelekea mchoro, akautazama muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akauliza, "Hiki kikombe, uso wake wa chini unataka ulale wote kwenye kiti?"

Nikamwambia ndiyo, Mzee, ili uzibe vizuri.

"Kijana, ukilaza wote utaganda. Pombe nyingine zina sukari."

Tukajaribu papo hapo. Kikombe kimoja chenye uso mpana, kingine kinachogusa kiti kwenye ukingo wa nusu milimita tu. Tuliviloweka kwenye kinywaji kitamu, tukaviacha juani kwenye bati vikauke. Cha uso mpana kiligandamana na kiti, ikabidi kibanduliwe kwa ukucha. Cha ukingo mwembamba kiliachia chenyewe nilipopindua. Na kinaziba vizuri zaidi, maana uzito uleule mdogo wa gololi unakusanyika mahali padogo. Ukingo mwembamba ndio utakaobaki.

Machi, wiki ya tatu: pembe

Hapa ndipo mradi ulipo hasa, kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Hakuna mchakachuaji atakayejaribu kujaza chupa iliyosimama akakata tamaa. Atailaza. Chupa ikilala ubavu, gololi haina sababu ya kukandamiza kikombe, inakaa tu ukutani, na kikombe kinalegea. Mtu akiingiza mpira mwembamba mdomoni na kuachia pombe taratibu, inaingia. Vali nyingi za kwenye hataza za kale nahisi ziliishia hapo.

Dawa iko kwenye umbo la chumba cha gololi, yaani nafasi iliyo kati ya kiti na paa. Kikiwa na kuta zilizonyooka, gololi haina upande wa kwenda chupa inapolala. Kikiwa kipana upande wa kiti na chembamba upande wa paa, mambo yanabadilika: chupa ikilala, ukuta wa chini unakuwa mteremko unaorudi ndani, gololi inabiringika yenyewe kuelekea kwenye kikombe na kukibana. Ili iachie, mdomo lazima ushuke chini ya usawa kwa nyuzi zaidi ya zile za mteremko. Na mdomo ukishakuwa chini ya usawa, anayetaka kujaza anatakiwa kuifanya pombe ipande mlima.

Swali likawa nyuzi ngapi. Nilianza na 15. Ulinzi safi, gololi haibabaiki hata chupa ikitikiswa. Lakini chukua chupa iliyojaa ujaribu kumimina toti: unainamisha, haitoki, unazidi kuinamisha, haitoki, halafu gololi inaachia ghafla na pombe inatoka kwa fujo, nusu kwenye glasi na nusu kwenye kaunta. Kwa nyuzi 5 inamimina vizuri sana, ila mkwaruzo mdogo tu kwenye ukuta unaizuia gololi isirudi, na chupa ikilazwa inabaki wazi. Nimesimama kwenye 10. Chupa iliyojaa inaanza kutoka mkono ukiwa bado una udhibiti, na gololi inarudi mahali pake hata ukuta ukiwa na uchafu kidogo.

Kuta za chumba zina mbavu nne ndogo za kuishika gololi katikati inapokuwa paani, kinywaji kipite pembeni yake. Mbavu hizo nimezifanya nyembamba upande wa kiti ili zisiikwamishe inaporudi.

Aprili, mwanzoni: hewa

Vali imeingia baa kwa mara ya kwanza, kwa ruhusa ya mwenye baa, kwenye chupa ya maji yenye rangi. Nilitaka kuona mkono wa mtu anayemimina kila siku. Dada wa kaunta aliinamisha, akasubiri, akaitikisa, akaniangalia.

"Kaka, hii inakohoa."

Kweli ilikuwa inakohoa. Kinywaji kinachotoka lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa. Vitu hivyo viwili vikigombania mlango mmoja vinapokezana, toka, ingia, toka, ingia, ndiyo ile sauti ya gluku-gluku, na toti inachukua muda. Yeye alilisema kwa njia ya biashara: mteja amekaa anangoja, na wengine nyuma yake wanagonga kaunta. Akaongeza kuwa chupa ya namna hiyo ataing'oa hicho kidude kwa bisibisi siku ya kwanza.

Hilo la bisibisi nimelichukulia kwa uzito kuliko shambulizi lolote. Vali inayomsumbua mhudumu mwaminifu itang'olewa naye mwenyewe, na chupa itakuwa wazi bila mchakachuaji kutokwa jasho.

Kutoboa njia ya pembeni ya hewa kungekuwa rahisi, lakini tundu la hewa ni tundu la kujazia. Nilichofanya ni kuligawa tundu la kiti lenyewe kwa ukuta mwembamba, na upande mmoja nikaurefusha kuwa mrija unaoingia sentimita mbili ndani ya shingo. Chupa ikiinama, mdomo wa mrija uko juu zaidi kuliko mahali kinywaji kinapotokea, kwa hiyo hewa inachagua mrija na kinywaji kinachagua upande mwingine bila kugombana. Njia zote mbili zinaishia chini ya kikombe kimoja. Kikifunga, kimefunga zote.

Nikarudi baa ileile. Dada alimimina toti, ya pili, ya tatu, akaendelea na kazi zake. Hakusema kitu, na sikumuuliza.

Aprili, mwishoni: wiki ya mashambulizi

Nimegawa chupa zenye vali kwa watu wanaojua kufungua vitu: fundi simu, kijana wa pampu za dizeli, fundi friji. Masharti yalikuwa rahisi: ijaze kwa njia yoyote, ila chupa ikirudi kwangu ionekane haijaguswa.

Faneli ilishindwa, kama tulivyotarajia. Waya wa spoku ulipenya dirisha la paa na kugusa gololi, kwa hiyo madirisha ya paa sasa yamepishana na njia za chini, hakuna mstari ulionyooka kutoka nje hadi kwenye kikombe. Kijana wa dizeli alikata ukanda mwembamba wa plastiki kutoka chupa ya maji ya kunywa, akaupitisha kwenye kona ile kwa uvumilivu wa ajabu, akakiinua kikombe kwa ncha. Aliweza. Nimeongeza sketi fupi kuzunguka kikombe, ukanda ukifika unagonga sketi na kuisukuma chini badala ya juu.

Kugongagonga kunafanya kazi kidogo. Ukiishika chupa kwa pembe fulani, ukaigonga kitako mfululizo huku unadondoshea pombe, kikombe kinarukaruka na matone yanaingia. Fundi simu alikaa nayo karibu saa nzima akapata chini ya nusu chupa ndogo. Hiyo naikubali kama ilivyo. Mtu anayejaza chupa kwa wizi anafanya hesabu ya faida. Ikimchukua saa mbili kujaza chupa moja, hesabu yake haitoki.

Shambulizi la kunifikirisha lilikuwa la fundi friji. Ana pampu ya kunyonya hewa, ile wanayotumia kabla ya kujaza gesi. Alichukua sufuria ya presha, akaitia pombe, akasimamisha chupa ndogo kichwa chini ndani yake, akafunga, akaunganisha mpira wa pampu. Chupa ikiwa kichwa chini, gololi na kikombe vyote vinaning'inia mbali na kiti. Pampu inanyonya, hewa ya chupani inatoka kwa mapovu. Kisha anaachia hewa irudi kwenye sufuria, na mgandamizo wake unaisukuma pombe ipande ndani ya chupa. Anajaza bila kugusa chochote, bila alama.

Siku hiyo alikuwa na vikombe vya aina mbili, vyote vya kazi ya Mzee. Kimoja ni cha polipropilini, kingine cha poliethilini ngumu. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Chupa ya poliethilini ilijaa zaidi ya nusu. Chupa ya polipropilini iliingiza kama kijiko kimoja tu.

Sababu iko kwenye densiti. Pombe ya asilimia 40 ina densiti ya takriban 0.95, gramu kwa kila mililita. Polipropilini iko kwenye 0.90 hadi 0.91, kwa hiyo inaelea: chupa ikiwa kichwa chini ndani ya pombe, kikombe kinapanda chenyewe hadi kwenye kiti na kukifunga, na mgandamizo unaoingia unakibana zaidi. Poliethilini ngumu iko karibu na 0.95, sawa na pombe yenyewe. Haielei wala haizami, inabaki katikati ikisubiri kusukumwa huku na huko.

Wakati wa kumimina, kuelea huko hakuna madhara. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya safu ya milimita moja ya kinywaji, na pombe inapotoka inakisukuma kikombe bila taabu.

Kuna jambo hapa la kuandikwa kwa wino mzito: maji yanadanganya. Kwenye maji, yenye densiti ya 1.0, plastiki zote mbili zinaelea na zote mbili zinafaulu. Kuanzia sasa kila jaribio la sufuria linafanywa kwa pombe ya nguvu ileile ya kwenye chupa, na baada ya jaribio inamwagwa, maana vipande vya printa si vya kugusa kinywaji cha mtu.

Mei: shingo za vioo

Nimepima kwa kalipa chupa nyingi za chapa moja. Nje ya mdomo, kwenye ile pete ya kioo, zinafanana sana. Ndani ya shingo zinatofautiana, na kadiri unavyoshuka zinazidi kutofautiana. Vali inayoshika kwa ndani itabana chupa moja na kuchezacheza kwenye nyingine.

Kwa hiyo mshiko umehamia nje. Vali sasa ina kola inayovaa mdomo kwa nje, yenye miiba ya ndani inayopita pete ya kioo ikielekea chini na kugoma kurudi. Ndani ya shingo imebaki midomo laini ya plastiki kwa ajili ya kuzuia kuvuja tu.

Maji ya moto yaliilegeza kola ya kwanza. Polipropilini haiyeyuki kwenye maji yanayochemka, lakini inalainika vya kutosha kwa mtu mwenye plaizi na subira. Badala ya kuongeza unene, nimepunguza: kola imeungana na mwili wa vali kwa vidaraja vyembamba. Anayevuta anakata vidaraja kabla miiba haijaachia. Chini yake inabaki pete nyekundu shingoni, na juu vali haina pa kushika tena.

Juni: chupa inayorudi nyumbani

Mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha pombe kali alikuja kuangalia. Ni mtu ambaye jina la kinywaji chake limeshatumiwa na wengine, amewahi kuletewa chupa yake mwenyewe yenye kitu asichokitambua. Nilidhani atafurahi. Aliigeuza vali mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, na mimi nitaijazaje?"

Yeye hununua chupa zake zilizotumika, anaziosha kwa magadi makali ya moto, anazijaza tena. Chupa mpya ni sehemu kubwa ya gharama zake. Nchi hii imezoea hivyo kwa bia na soda miaka na miaka: kreti inaenda imejaa, kreti inarudi na chupa tupu, na chupa moja inazunguka mara nyingi. Vali yangu ingemlinda na wachakachuaji na kumlazimisha kununua kioo kipya kila mara, huku chupa nzima zikitupwa jalalani.

Hilo limebadilisha mradi. Adui wetu ni anayejaza asiyestahili. Mwenye chupa lazima awe na njia yake.

Njia yenyewe imetokana na kola ya nje. Kwa kuwa mshiko uko nje ya kioo, kola inaweza kukatwa bila kugusa chupa. Nimechora kisu cha duara, pete ya chuma yenye meno matatu inayozungushwa kwa mkono kwenye mfereji uliochongwa kwenye kola. Mzee ametengeneza cha mfano. Mizunguko michache, kola inafunguka vipande viwili, vali nzima inatoka na haiwezi kurudishwa. Chupa inabaki safi kwenda kuoshwa, plastiki inaenda kusagwa, gololi inarudi kazini.

Mchakachuaji naye anaweza kukata kola, hilo ni sawa. Akishakata amebaki na chupa isiyo na vali, na kila mnunuzi anayeijua chapa hiyo ataona mdomo mtupu. Atakachohitaji ni vali mpya, na hapo ulinzi unahamia kwenye mauzo ya vali: haziuzwi rejareja, kila kiwanda kina rangi ya kola yake na namba ya toleo ndani ya paa, inayosomeka kwa jicho chupa ikiinamishwa mbele ya taa. Mama amechagua kijani.

Niliulizwa pia kuhusu kitako: mtu akitoboa kioo kwa keekee ya almasi, akajaza kwa chini na kuziba? Vali haina jibu kwa hilo. Ila tundu kwenye kitako linaonekana ukiigeuza chupa, na ni kazi inayovunja chupa nyingi kabla ya kufanikiwa.

Julai: tulipofika

Kinachofanya kazi: kiti cha ukingo mwembamba, chumba cha nyuzi 10, gololi ya kioo ya milimita 10, mrija wa hewa, paa la madirisha yaliyopishana, kikombe chenye sketi, kola ya vidaraja na kisu chake. Chupa za mama za majaribio zimekaa baa kwa wiki kadhaa, na wahudumu wanazimimina bila kulalamika.

Kilichobaki kimetoka kwa fundi friji, ambaye hajakubali kushindwa. Juzi amerudia sufuria yake, lakini safari hii kwa spiriti kali ya asilimia 96. Spiriti hiyo ina densiti ya 0.81 hivi, nyepesi kuliko polipropilini, kwa hiyo kikombe kilizama na chupa ikajaa. Mchakachuaji anaweza kujaza kwa spiriti kali kwanza, kisha akatafuta namna ya kuongezea maji.

Njia ninayoiona ni kikombe chenye tumbo la hewa: vipande viwili vyembamba vya polipropilini vilivyounganishwa kwa joto, densiti ya jumla ishuke chini ya 0.75. Ukuta wa nusu milimita unatosha kwa hesabu. Ugumu uko kwenye kuunganisha, maana kikivuja tone moja ndani kinazama kama kile cha zamani. Mzee anakereza vipande vya kwanza wiki hii, na bamba la kuunganishia nimeshaazima kwa fundi wa mabomba ya plastiki. Kalibu ya kumiminia haitaagizwa mpaka kikombe hicho kipite kwenye sufuria ya presha kwa spiriti ya asilimia 96, kwa asilimia 40, na kwa maji.